Yule aliyekunyima hifadhi siyo jaji wa shirikisho

Juzi tena, saa tano usiku, kaka mmoja kanipigia: "Wakili, huyu jaji wa shirikisho aliyeninyima hifadhi, rais mwingine akiingia si anamtimua?" Hii simu nishaipokea mara ngapi hapa Marekani, we acha tu.

Sikilizeni basi. Yule mwenye joho kule mahakama ya uhamiaji ni mwajiriwa wa Idara ya Sheria, bosi wake Mwanasheria Mkuu, na ndiyo, anatimuliwa, mwaka 2025 kuna waliopata habari kwa imeili tu.

Jaji wa shirikisho mwenyewe ni kitu kingine. Rais anamteua, Seneti inampigia kura, akishaapa hakuna rais wa kumgusa, mshahara wake hata Bunge haliruhusiwi kuupunguza. Kumng'oa mpaka Baraza la Wawakilishi limshtaki halafu Seneti imtie hatiani kwa theluthi mbili, na toka 1789 wameng'oka 8 tu. Mmoja wao Alcee Hastings, katolewa 1989, 1992 kagombea ubunge kashinda, kaenda kukaa kwenye baraza lilelile lililomshtaki 😂

Sasa kinachonikera zaidi ni hii ya "jaji wa fulani", yaani eti jaji lazima ampendelee rais aliyemteua. 1974 Rais Nixon aliamriwa na Mahakama ya Juu atoe kanda alizorekodi mazungumzo yake ya Ikulu, 8 kwa 0, na watatu kati ya hao nane kawateua mwenyewe! Ukishapewa kazi ya maisha unamwogopa nani? Ila nisiwadanganye, mimi mwenyewe nikipangiwa jaji kitu cha kwanza naangalia aliteuliwa na nani. Najua haipendezi lakini naangalia.

Na hiyo ya maisha nayo inanipa shida. Wesley Brown wa Wichita, Kansas, aliteuliwa na Rais Kennedy 1962, kafariki 2012 ana miaka 104 na bado alikuwa jaji. Yeye wanasema akili ilikuwa timamu, sawa, na asiye timamu nani anamwambia? Umri wa lazima wa kustaafu haupo.

Kaka nikamwambia kesi yake ianzie bodi ya rufaa za uhamiaji, ambayo nayo ni ya Idara hiyohiyo, ikigoma hapo ndo aende mahakama ya rufaa ya shirikisho akakutane na hao majaji anaowasema. Nikamuuliza uamuzi ulitoka tarehe ngapi maana siku za rufaa zinahesabika. Kimya mpaka leo.