Kwa nini agoni inatangulia potasiamu

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu jedwali la elementi ni hili: kama zimepangwa kutoka nyepesi kwenda nzito, mbona agoni yenye masi 39.95 inatangulia potasiamu yenye 39.10? Jibu ni kwamba hazikupangwa kwa uzito. Zimepangwa kwa namba atomia, yaani idadi ya protoni ndani ya kiini. Agoni ina 18, potasiamu ina 19, basi.

Masi nayo hupanda kadiri namba inavyopanda, ila kwa mwendo wake yenyewe. Kalisiamu ina protoni 20 na masi ya takriban 40, kwa hiyo wengi hukariri kwamba masi ni namba mara mbili. Kanuni hiyo haifiki mbali. Protoni husukumana, na kiini kikubwa huhitaji neutroni (chembe za kiini zisizo na chaji) za ziada ili kisisambaratike. Urani ina protoni 92, na masi yake ni 238. Ukizidisha kwa mbili utapungukiwa na 54.

Isitoshe, masi iliyoandikwa jedwalini ni wastani wa isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya neutroni; namba inayofuata jina la isotopu ni jumla ya protoni na neutroni zake. Klorini imeandikiwa 35.45, lakini hakuna hata atomu moja ya klorini yenye masi hiyo: takriban robo tatu ni klorini-35, zilizobaki ni klorini-37. Hapo ndipo kitendawili cha agoni kinapoteguka. Asilimia 99.6 ya agoni ya hewani ni agoni-40, na karibu yote ilizaliwa na potasiamu-40 iliyooza ndani ya miamba. Potasiamu ndiyo iliyomnenepesha jirani yake! Kwenye Jua agoni iliyo nyingi ni agoni-36, hivyo wastani wa huko ungeiweka chini ya potasiamu bila ubishi.

Mkemia Mrusi Mendeleev, alipochapisha jedwali lake mwaka 1869, alifuata masi, lakini aliitanguliza teluri mbele ya iodini iliyo nyepesi kuliko teluri, kwa sababu tabia za iodini zinafanana na za klorini na bromini. Alishuku vipimo vya teluri. Vipimo havikuwa na kosa. Kigezo ndicho kilichokuwa na kasoro. Mwaka 1913 mwanafizikia Mwingereza Henry Moseley alipima mionzi ya eksirei inayotoka kwenye elementi mbalimbali, akaona kwamba kipeuo cha pili cha masafa yake hupanda kwa hatua sawa kutoka elementi moja hadi inayofuata. Kobalti ikaangukia 27 na nikeli 28, ingawa kobalti ndiyo nzito zaidi. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27.

Sasa tuje kwenye mienendo ya jedwali. Kung'oa elektroni ya kwanza ya sodiamu kunahitaji kilojuli 496 kwa moli (kipimo cha idadi ya atomu), klorini 1251, agoni 1521. Kila protoni inayoongezeka huvuta zaidi, na elektroni za ganda moja, yaani tabaka moja kuzunguka kiini, hazikingani vya kutosha dhidi ya mvuto huo, kwa hiyo atomu nazo husinyaa. Ukivuka kwenda potasiamu, ganda jipya linaanza na nishati inaporomoka hadi 419. Masi kati ya hizo mbili haijabadilika hata kwa moja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni zirkoni na hafni. Masi zao ni 91.22 na 178.49, karibu mara mbili, lakini ukubwa wa atomu zao unakaribia kulingana. Kati yao kuna elementi 14 ambazo elektroni zake za ganda la ndani hukinga vibaya mvuto wa kiini, na atomu zinazofuata hubanwa. Ndiyo maana hafni ilijificha ndani ya madini ya zirkoni hadi mwaka 1923.

Masi huathiri kemia kwa kiasi cha kuonekana hasa kwenye haidrojeni, ambako neutroni moja tu inaifanya atomu kuwa nzito maradufu. Maji yaliyotengenezwa kwa haidrojeni hiyo nzito huganda kwenye nyuzi 3.8 za Selsiasi na kuchemka kwenye 101.4.