Kwa nini sketi ya duara hushuka pindo hata kabla ya kuvaliwa?

Je, wajua kuwa sketi ya duara yaweza kukatwa vizuri, ikapimwa mara tatu, na bado kulipokucha ikawa na pindo la kupanda na kushuka? Wiki moja kabla ya Siku Kuu nilimshonea mpwa wangu sketi ya namna hiyo: nusu kanga, nusu satini ya buluu niliyoinunua Mchangani, na kiunoni lastiki. Nikaipinda usiku uleule. Asubuhi upande wa satini ulikuwa umeshuka, tena si wote, mahali pawili tu.

"Shangazi, mbona ina masikio?" akaniuliza. Nami nikailaumu mikasi.

Mikasi haina kosa. Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi za mtande, zinazokwenda urefu, na za mshindio, zinazokwenda upana, zinazokatana kama vyumba vya bao. Ukikivuta kufuata uzi, hakirefuki. Kishike pembe kwa pembe ukivute: kinarefuka na kupungua upana, kwa sababu vile vyumba vya mraba vinapinda na kulala upande. Aliyewahi kusuka ukili analijua hili kwa vidole, maana miaa nayo hupita hanamu, yaani kimshazari.

Sasa sketi ya duara ni nusu duara mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja ina pande zote hizo ndani yake. Mishono ya ubavuni imefuata mtande, katikati ya mbele na ya nyuma imefuata mshindio, na baina yake kuna sehemu nne za hanamu. Hapo uzito wa nguo wenyewe ndio unaovuta, usiku kucha, bila ya mtu kuigusa.

Lakini kwa nini satini ishuke kuliko kanga? Katika kanga kila uzi hupita juu ya mmoja na chini ya mmoja, kwa hiyo nyuzi zimebanana. Uzi wa satini huruka juu ya nyuzi nne au zaidi ndipo uzame. Ndiyo maana inang'aa, na ndiyo maana nyuzi zake huteleza. Vitambaa viwili, mishuko miwili. Tena kanga mpya ina wanga na ni ya pamba. Ukiifua italainika na kurudi kidogo, na satini ya poliesta haitarudi. Iloweke kanga na kuipiga pasi kabla ya kukata. Hili sikulisahau, nashukuru.

Kiuno nacho kina siri yake. Sketi ya lastiki haina zipu, kwa hiyo tundu la juu lazima lipite kwenye nyonga. Mtoto ana kiuno cha sentimita 58 na nyonga 72. Ukigawa 58 kwa 6.28 (mara mbili ya pai) unapata 9.2, yaani kipimo cha kutoka katikati ya duara hadi ukingo wa tundu, na sketi hiyo itakwama mapajani. Gawa 72: unapata 11.5. Lastiki ndiyo itakayorudisha kiuno mahali pake; ikate pungufu ya kiuno kwa sentimita tano hivi.

Kanga moja, yenye takriban sentimita 150 kwa 110, inatoa nusu duara ya kipimo cha 74 kutoka katikati hadi pindo, yaani, ukitoa zile 11.5 za tundu, sketi ya urefu wa sentimita 62 na kitu. Kinabaki kipande kirefu cha kukunjia lastiki. Anzia ukingo wa juu wa kanga. Ukianzia wa chini, jina litakaa miguu juu chini kidogo ya kiuno, na watu wa mjini watainamisha shingo kukusoma.

Dawa ya masikio ni kuitundika sketi ikiwa na lastiki yake, pindo likiwa bado halijakunjwa, kwa siku nzima. Satini nzito naiacha mbili. Kisha usipime kutoka kiunoni, kwa sababu kiunoni ndiko kulikodanganya. Mvalishe mwenyewe, asimame wima bila viatu, upime kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula na chaki, ukimzunguka. Wangu nilimpandisha juu ya meza, nikafumua pindo lote la satini, nikapunguza sentimita tatu pale palipozidi. Upande wa kanga nilipunguza nusu sentimita tu.