Usafiri wa hospitali kwa ndugu mwenye ulemavu: msisubiri azidiwe

Kliniki imefika na gari hatuna, tufanyeje?
Pigeni simu kliniki, basi. Msikae kimya! Watu wanaruka tarehe mbili tatu halafu wanamleta mgonjwa hoi. Mkisema mapema, mara nyingi daktari na mazoezi ya viungo vinaweza kuwekwa siku moja, ama mkaongezewa dawa za kukaa nazo.

Nani anasaidia?
Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali, kazi yao ndo hiyo, usafiri, kiti cha magurudumu, mtu wa kuwasaidia nyumbani. Waulizeni mkiwa bado wodini, sio mmeshafika nyumbani ndo mnaanza kuhangaika. Na vyama vya watu wenye ulemavu, hao wanajua dereva yupi anapakia kiti na yupi akikiona anakimbia.

Ana kidonda kidogo makalioni ila halalamiki, tusubiri kliniki?
Hapana. Kama hana hisia chini atalalamikaje jamani? Kidonda cha kulalia juu kinaonekana kidogo huku ndani kimeshachimba. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, pitisha mkono, ukikuta pamebadilika rangi, pana joto au pagumu kuliko pembeni, mwondoe kabisa kwenye hiyo sehemu asiilalie na mpeleke akaonwe, kituo cha karibu kinatosha kuanzia. Msipake majivu wala dawa ya meno.

Lakini haumwi kabisa...
Narudia, kutosikia maumivu sio kupona. Hasa huyo asiyesikia ndo wa kuwahishwa.

Ana mpira wa mkojo na homa imepanda usiku, tungoje asubuhi?
Msingoje. Gari lolote, jirani yeyote, usiku huohuo.

Lazima ambulansi?
Kwa kliniki, kama anaweza kukaa, gari la kawaida linatosha. Ambulansi ni ya anayepumua kwa shida, aliyepoteza fahamu au aliyepooza ghafla.

Kumpandisha je?
Funga breki za kiti kwanza. Na acheni kuvuta mkono! Aliyepata kiharusi bega lake legevu linachomoka kirahisi, mshike kiunoni, muwe wawili. Mto wake wa kukalia uje pia, na njiani asaidiwe kuinua makalio kila baada ya nusu saa hivi.

Dereva nimwambie nini?
Uzito wake, kama anasimama, kama kiti kinakunjika, na ngazi za mlangoni kwenu, maana dereva akizikuta bila taarifa anageuza gari.