Kunyanyua mapaja na makalio: kabla hujasaini fomu, ongelea kovu kwanza

Wengi wanaokuja kliniki kwetu kuulizia hii opresheni wanadhani itawapunguza mwili. Jamani hapana, haitibu unene. Kazi yake ni kukata ngozi iliyozidi na kuivuta iliyobaki ikaze, ndo maana anayefaidika zaidi ni yule aliyepungua kilo nyingi sana akabaki na ngozi inaning'inia, mapaja yanasuguana mpaka yanachubuka na kutoa vidonda. Kama bado unapungua, au unapanga kubeba mimba, subiri kwanza uzito utulie kama miezi 6 hivi. Na selulaiti, yale mabonde mabonde kwenye ngozi ya mapaja na makalio, haiishi yote, tusidanganyane.

Pia hii sio ile ya kuchomwa sindano ya mafuta ili makalio yawe makubwa. Ile ina hatari yake nzito, mafuta yakiingia kwenye mshipa yanafika mapafuni na mtu anaweza kufa. Hapa tunanyanyua tu, na makalio yanaweza hata kuonekana bapa kidogo kuliko mwanzo.

Utapewa nusu kaputi, kazi inachukua masaa kadhaa. Kwenye paja mshono unapita kinenani, na ngozi ikiwa nyingi unashuka kwa ndani mpaka karibu na goti, kwenye makalio unakaa juu, usawa wa kiuno. Hilo kovu ni la maisha. Miezi ya kwanza linakuwa gumu na rangi imekolea, linatulia baada ya mwaka au mwaka na nusu, na kama una keloidi mwilini, yaani kovu linalovimba na kuzidi kidonda chenyewe, sema mapema kabla ya kitu chochote.

Kinachosumbua wagonjwa wengi ni kinena. Pale kuna jasho, kuna bakteria, na kila ukipiga hatua ngozi inavutwa, kwa hiyo mshono kuachia sehemu ndogo hutokea mara nyingi tu na kwa kawaida unapona kwa kusafishwa na kufungwa bandeji, japo inachukua wiki kadhaa na inakatisha tamaa. Anayevuta sigara ndo anaumia zaidi maana damu haifiki vizuri kwenye ngozi, acha angalau wiki 4 kabla na usirudie wakati kidonda kinapona.

Utavaa nguo ya kubana kwa wiki kadhaa, unaweza kuwekewa mirija ya kutoa majimaji, na kukaa itakuwa shida hasa ukifanyiwa makalio. Ila usilale tu kitandani! Anza kutembea taratibu mapema ili damu isigande miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukikosa pumzi ghafla, nenda emajensi saa hiyo hiyo usisubiri siku ya kliniki.

Ukienda kuonana na daktari mwombe akuchoree kwa kalamu kwenye ngozi yako, ukiwa umesimama, mshono utapita wapi na utaishia wapi. Jiangalie kwenye kioo na ile mistari, halafu nenda nyumbani ukafikirie.