Hashtagi Peke Yake Haikumwondoa Rais wa Missouri

Nimeisoma tena, katika rasimu ya mwanafunzi ninayemsimamia hapa Tunguu, ile kauli kwamba mwaka 2015 Twitter ilimwondoa Tim Wolfe, rais wa mfumo wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani. Kauli hii inawadhulumu waliojitolea, nami nimechoka kuisahihisha pembezoni mwa karatasi.

Wanangu, fuateni tarehe. Malalamiko ya ubaguzi dhidi ya wanafunzi weusi yalikwishaenea mtandaoni tangu Septemba. Tarehe 10 Oktoba kikundi cha Concerned Student 1950, kilichojiita hivyo kwa kukumbuka mwaka ambao chuo kilimpokea mwanafunzi mweusi kwa mara ya kwanza, kilizuia gari la Wolfe kwenye gwaride. Tarehe 2 Novemba Jonathan Butler, mwanafunzi wa chuo hicho, akaanza kususia chakula akidai Wolfe aondoke kwa kutoushughulikia ubaguzi huo. Wolfe hakuondoka. Tarehe 7 wachezaji weusi wa timu ya futiboli ya Kimarekani wakatangaza kwamba hawatashuka uwanjani hadi aondoke, ilhali mechi iliyofuata, dhidi ya Brigham Young, ingekigharimu chuo dola milioni 1 iwapo isingechezwa. Tarehe 9 akajiuzulu.

Tangazo lenyewe lilipitia Twitter, pamoja na picha ya wachezaji wameshikana mikono, na ndiyo maana ninasisitiza neno "peke yake": mtandao ulieneza habari kwa kasi, lakini habari yenyewe ilikuwa mgomo wa vijana ambao jasho lao lilikiingizia chuo fedha. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, nako, sanamu ya mkoloni Mwingereza Cecil Rhodes iliondolewa tarehe 9 Aprili 2015, baada ya mwanafunzi Chumani Maxwele kuimwagia kinyesi na wanafunzi kulikalia jengo la utawala. Kampeni hiyo, iliyoitwa Rhodes Must Fall (“Rhodes lazima aanguke”), ilipofika Oxford, Uingereza, sanamu yake katika Oriel College ilibaki, na ingalipo.

Lipo linalonisumbua zaidi, ambalo vitabu vya kufundishia hulipita haraka. Baada ya ushindi ule, idadi ya wanafunzi wapya Missouri ilishuka sana, weusi wakiwemo. Ninatilia shaka desturi yetu, sisi wasomi, ya kuhesabu kujiuzulu kwa kiongozi kuwa ndiko kujumuishwa kwa waliobaguliwa. Rasimu hii nimeirudisha, na nimemtaka mwandishi wake aongeze sura inayoeleza ni nani waliosajiliwa mwaka 2016 na 2017, na ni nani waliobaki hadi kuhitimu.