Zile herufi tatu na stori ya kuku asiye na mdomo

Hapa Malindi ukikaa barazani ikatajwa KFC, ile kampuni ya kuku wa kukaanga ya Marekani, yenye nembo ya mzee wa ndevu nyeupe, hakosi mtu wa kusema walikatazwa kujiita kuku, ati wanafuga viumbe visivyo na mdomo wala miguu ndo maana jina likabaki herufi tatu. Stori hii ni ya zamani na wengi wameipokea kwa watu wanaowaamini, so si ajabu ikashika.

Ila jina lilifupishwa kweli, 1991, kutoka Kentucky Fried Chicken (yaani kuku wa kukaanga wa Kentucky) hadi KFC, na sababu inayojulikana ni ya biashara: neno la kukaanga lilikuwa limeanza kuwatisha wanaojali afya na wao wenyewe walitaka kuuza vitu vingine pia. Neno kuku lenyewe halijatoka, tazama menyu yao yoyote utalikuta limejaa, sasa kama sheria ingewakataza wangeliandikaje? Na jina refu limerudi kwenye baadhi ya maduka baadaye.

Nembo nazo hubadilika kila baada ya muda, 2006 yule mzee alivalishwa eproni nyekundu, na 2020 wakasimamisha msemo wao wa kulamba vidole kwa sababu ya korona, hakuna siri hapo.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe tafuta picha za matangazo yao ya kabla na baada ya 1991 uzilinganishe, halafu muulize aliyekusimulia stori hii ni sheria gani, ya mwaka gani, maana sheria huandikwa na huwa na jina.