Kukwepa macho si ushahidi wa uongo
Mtu akihojiwa mbele ya kamati akatazama chini, wengi humhukumu papo hapo: anadanganya. Tafiti haziungi mkono imani hiyo. Uchambuzi mkubwa wa mwanasaikolojia Bella DePaulo na wenzake, uliochapishwa 2003, ulionyesha kwamba kwa jumla waongo hawakwepi macho kuliko wasema kweli. Macho huhama mtu anapovuta kumbukumbu au kupiga hesabu, na kijana aliyefunzwa adabu huyainamisha mbele ya wazee. Mwongo stadi, kwa kuwa anaijua imani hiyo, anaweza kukukazia macho makusudi.

Viongozi nao hushauriwa vibaya wakodoe bila kupepesa. Hilo linatisha watu bure. Jaribio lililofanyika London, likachapishwa 2016, lilionyesha kuwa kwa wastani watu huridhika na kutazamana kwa sekunde 3 hivi. Jukwaani, mtazame mtu mmoja hadi sentensi iishe, kisha uhamie upande mwingine, waliokaa nyuma wakiwemo. Ukisoma hotuba, inua macho kabla ya maneno ya mwisho ya sentensi. Wengi huinama hapo hapo kutafuta mstari unaofuata, na neno lenye uzito linamezwa. Dawa yake: chapa kwa herufi kubwa, uache theluthi ya chini ya ukurasa wazi, kidevu kisishuke.